Picha za makula kwa ugonjwa wa kurithi: ipi upigwe, ipigwe vipi, na uiweke wapi

Mtoto anageuza uso pembeni anaposoma msahafu. Chuoni anaambiwa anacheza, skuli anaambiwa hataki kusoma, na kwenye duka la miwani anabadilishiwa lenzi moja baada ya nyengine bila ya kushuka hata mstari mmoja kwenye ubao wa herufi. Dakta akimulika ndani ya jicho, mara nyingi mwanzoni haoni kibaya. Hali hii ikimtokea mtoto au kijana, macho yote mawili, bila maumivu wala wekundu, fikirieni ugonjwa wa makula wa kurithi kabla ya kufikiria uvivu. Hapo cha kuomba ni picha ya nyuma ya jicho, miwani nyengine haitasaidia.

Makula ni kipande kidogo cha katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na upana wake hata milimita 6 haufiki. Ndicho tunachosomea, tunachotambulia sura, tunachotilia uzi kwenye sindano. Magonjwa ya kurithi yanayokishambulia ni mengi, lakini mawili ndiyo yanayotajwa zaidi. Stargardt, uliopewa jina la Karl Stargardt aliyeueleza mwaka 1909, mara nyingi hutokana na hitilafu ya jeni ya ABCA4. Kazi ya jeni hiyo ni kusaidia kuondoa mabaki ya vitamini A ambayo jicho huyazalisha kila linapoona. Isipofanya kazi, taka hurundikana kwenye tabaka la seli zilizo chini ya retina mpaka seli zenyewe zife. Wa pili ni Best, ulioelezwa na Friedrich Best mwaka 1905, unaotokana na jeni ya BEST1. Huo huweka uvimbe wa njano katikati ya makula, ukiutazama utadhani kiini cha yai lililokaangwa bila kuvurugwa.

Neno letu kubwa ni hili: picha moja peke yake haisemi mengi. Magonjwa haya yanakwenda polepole, na kinachotoa habari ni picha ile ile, kwa mashine ile ile, kwa upana ule ule, mwaka baada ya mwaka. Wagonjwa wa visiwani ndio wanaokosa zaidi hapa. Mwaka huu mtu amepigwa Unguja, mwakani amevuka Dar es Salaam, mwaka wa tatu jamaa zake wamemwita Muscat au amepelekwa India, na mwisho ana bahasha ya karatasi tano zisizolinganishika. Gharama imeingia mara tano, na bado hakuna anayeweza kumwambia kama ugonjwa umesogea.

Picha gani uombe

Picha ya rangi ya kawaida ndiyo ya kwanza, na ndiyo inayosema machache. Kwa Stargardt itaonesha madoa ya njano yaliyotawanyika kama vidagaa, na kwa Best kile kiini cha yai. Ni kumbukumbu nzuri, ipigwe, lakini usiishie hapo.

Picha inayobeba uzito katika Stargardt ni ya mng'ao, ile ambayo kwenye mashine huandikwa FAF. Mashine humulika mwanga wa buluu, kwa zilizo nyingi ni wa nanomita 488, na zile taka zilizorundikana zinang'aa zenyewe bila ya kuchomwa dawa yoyote. Seli zilizobeba taka nyingi huonekana nyeupe kupita kiasi, na zilizokufa hazing'ai tena, pahala pao pakawa peusi. Ndiyo maana doa linaloanza kung'aa mwaka huu linaweza kuwa shimo jeusi miaka michache baadaye. Eneo jeusi hupimwa kwa milimita za mraba, na kipimo hicho hutumika hata kwenye majaribio ya dawa mpya duniani. Mwenye mfululizo mzuri wa FAF ana cha kuonesha siku jaribio linapotafuta watu.

Omba upana wa digrii 55 ikiwa mashine inao, au zile za upana mkubwa zaidi. Digrii 30 inatosha kwa Best, ambao mara nyingi hukaa katikati, lakini kwa Stargardt madoa hutoka nje ya mishipa mikubwa ya damu na picha nyembamba huyakata. Jambo jengine la kulitazama ni pete inayozunguka kichwa cha neva ya jicho, yaani pale neva inapotokea nyuma ya jicho. Kwa Stargardt pete hiyo mara nyingi hubaki salama hata pale makula ilipoharibika vibaya, na dakta anayeijua dalili hii hupata msaada mkubwa kutenganisha ugonjwa huu na mengine yanayofanana nao.

Hapa tutoe tahadhari kwa wanaojisomea picha wenyewe. Kwenye FAF ya mwanga wa buluu, katikati ya makula ya mtu mzima wa afya huwa ni peusi kidogo. Ni rangi ya njano ya asili ya makula inayomeza mwanga huo. Kichwa cha neva na mishipa ya damu navyo huwa vyeusi. Watu wengi wamelia bandarini kwa weusi ambao kila mtu anao.

Ya tatu ni OCT, na hii haina mbadala. Hupiga kwa sekunde chache tu, haigusi jicho, na hukata retina kwa mwanga kama unavyouchana mkate wa kusukuma ukaona tabaka zake moja moja. Kwa aliye mzima, katikati kuna kibonde laini, na chini yake mistari miwili mitatu myeupe inapita bila kukatika. Mmoja wa mistari hiyo, ripoti huuita EZ, unaonesha seli zinazopokea mwanga kama bado zimesimama. Kwa Stargardt mstari huo huanza kukatika katikati kabisa, kwanza kama uzi uliolika, baadaye pengo tupu, na retina ya juu yake inadidimia. Pengo hilo linaweza kuonekana kwa mtoto ambaye picha yake ya rangi bado inapita kama nzima. Huyo ndiye aliyekuwa akiitwa mvivu.

Kuna picha ya nne, ya kuchomwa dawa ya fluoresini mkononi. Zamani ndiyo iliyotumika kuthibitisha Stargardt, kwa sababu taka zile huziba mng'ao wa tabaka la chini likaonekana jeusi. Siku hizi FAF imeichukua kazi hiyo bila sindano. Fluoresini hutia kichefuchefu kwa baadhi ya watu, hugeuza ngozi na mkojo kuwa njano kwa siku moja au zaidi, na mara chache huleta mzio mkali. Kwa mtoto anayechunguzwa Stargardt, uliza kwa adabu: "Dakta, FAF na OCT hazitoshi?" Inapofaa ni pale panaposhukiwa mishipa mipya ya damu inayovuja, jambo linaloweza kutokea kwa Best, na hata hapo kama pana OCT ya mishipa, ianze hiyo. Ikiwa lazima fluoresini ipigwe, FAF itangulie. Ikifuata nyuma, dawa iliyomo jichoni itang'aa badala ya taka na picha imeharibika.

Siku yenyewe

Piga simu kwanza. Usiulize tu kama mashine ipo, uliza kama inafanya kazi leo, kama FAF imo ndani yake au ni OCT pekee, na kama fundi wake yupo. Anayetoka Wete, Pemba, kufuata boti Mkoani, akashuka bandari ya Malindi, Unguja, na kuambiwa "njoo wiki ijayo", amepoteza siku mbili na nauli kwa maswali matatu ambayo hakuyauliza.

Matone ya kutanua mboni ni ya lazima kwa FAF nzuri, hata kama OCT inaweza kupita bila yake. Kwa kawaida ni tropikamaidi ya asilimia 1, husubiriwa dakika 20 hadi 30. Macho meusi kama yetu hutanuka taratibu kuliko ya buluu, kwa hiyo tone la pili baada ya dakika 10 ni jambo la kawaida. Usimharakishe fundi. Mboni iliyotanuka nusu hutoa picha yenye kiza pembezoni, na kiza hicho mwakani kitasomwa kuwa ugonjwa. Mwenye presha ya damu aseme mapema, kwa sababu baadhi ya vituo huongeza matone ya finilefrini, na hiyo inaweza kuipandisha. Baada ya kutia tone, funga jicho na bonyeza kona ya ndani, karibu na pua, kwa dakika moja au mbili. Dawa hubaki jichoni badala ya kuteremka kooni. Kuhusu saumu, mwenye wasiwasi achague miadi nje ya Ramadhani au amuulize shekhe wake kabla ya kutoka nyumbani. Kukataa tone ukiwa umeshakaa kwenye kiti ni hasara kwa kila mtu.

Uoni wa karibu hupotea kwa saa 4 hadi 6. Usiendeshe vespa wala gari, na chukua mtu wa kufuatana naye. Chukua pia kofia yenye ukingo na miwani ya jua, na ndani ya boti kaa chini, usipande juu. Jua la saa tisa likiakisi baharini, jicho lililotanuliwa haliwezi kulihimili. Jicho likianza kuuma sana baada ya matone, ukaona duara za rangi kuzunguka taa na ukatapika, rudi hospitali hapo hapo, usingoje kukuche. Ni nadra, lakini presha ya ndani ya jicho inaweza kupanda ghafla kwa baadhi ya watu.

Ukiwekwa kidevu kwenye mashine, utaambiwa uangalie msalaba au kitone. Hapa ndipo picha nyingi za wagonjwa wa makula zinapoharibika. Mtu ambaye katikati yake imekufa hakioni kile kitone akikitazama moja kwa moja, kwa hiyo jicho humtafutia pahala pengine pa kuonea, juu au pembeni. Mashine haijui. Hudhani pale anapoonea ndipo katikati, ikaweka gridi ya vipimo kando, na ripoti ikatoa unene wa retina wa pahala pasipohusika. Mwambie fundi waziwazi: "Kitone sikioni vizuri, nikitazame vipi?" Fundi mzuri ataukuza msalaba, au atakuwekea taa ya nje uitazame kwa jicho jengine, na akimaliza ataisogeza gridi kwa mkono mpaka ikae juu ya kibonde chenyewe. Asipoisogeza, namba zote za ripoti ile ni za kupuuza, hata zikiwa zimechapishwa kwa rangi nzuri namna gani.

Kabla ya kila picha pepesa macho mara mbili tatu, halafu yaache wazi. Machozi yakikauka picha inafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali omba tone la machozi bandia. Kwa FAF unaweza kuwekwa mbele ya mwanga wa buluu kiasi cha nusu dakika kabla ya kupigwa. Si uzembe, retina inazoeshwa mwanga ili picha zilingane. Vituo vingine hupunguza nguvu ya mwanga huo kwa wenye Stargardt, nasi tunaona ni busara. La msingi, kiasi kilichotumika mwaka huu kiandikwe na kitumike tena mwakani.

Picha mbovu utaijuaje

Hakuna haja ya kuwa dakta kwa haya.

Tazama kwanza jicho lipi. OD ni la kulia, OS la kushoto. Kwenye picha ya jicho la kulia, kichwa cha neva, lile duara linalotoka mishipa, jeupe kwenye picha ya rangi na jeusi kwenye FAF, huwa upande wa kulia wa picha. La kushoto, upande wa kushoto. Ikiwa kinyume, majina yamebadilishwa, na kosa hilo hutokea zaidi ya watu wanavyodhani.

Doa lililokaa pahala pale pale kwenye macho yote mawili, umbo lile lile, ni vumbi au ukungu wa lenzi ya mashine. Unyevu wa pwani hauna huruma na lenzi. Omba ifutwe, upigwe tena kabla matone hayajaisha nguvu.

Kwenye OCT tafuta namba ya ubora. Mashine za jina la Cirrus huiandika juu ya 10, na chini ya 6 haifai kulinganishwa. Kisha tazama mistari ya rangi ambayo mashine imechora kufuata mipaka ya retina. Kwenye makula iliyoharibika mistari hiyo hupotea njia, hukata katikati ya uvimbe au hushuka shimoni. Hapo usiamini ramani ya rangi, amini picha ya kijivu.

Na usilinganishe namba za mashine mbili. Unene wa katikati wa retina ile ile hutofautiana kwa mikroni kumi na kitu kati ya Cirrus na Spectralis, mashine nyengine ya OCT, kwa sababu kila moja imechagua mpaka wake wa kupimia. Aliyepimwa kwa hii mwaka jana na kwa ile mwaka huu anaweza kuambiwa retina imenenepa au imekonda bila ya chochote kutokea. Ukilazimika kubadilisha kituo, angalau uliza kama mashine ni ya jina moja. Ukirudi kituo kile kile, mkumbushe fundi afungue picha ya zamani kama msingi. Mashine nyingi zina njia ya kurudi kwenye mstari ule ule wa mwanzo, lakini haziifuati mpaka ziambiwe.

Faili

Karatasi huoza. Wino wa printa na unyevu wa Pemba havikai nyumba moja, na baada ya miaka mitatu kilichobaki ni kivuli. Picha ya simu iliyopigwa kwenye kioo cha kompyuta nayo haifai, ina mwako wa taa na haina vipimo. Peleka flashi mpya na uombe faili zenyewe: mfumo wa DICOM, ule wa kawaida wa picha za hospitali, ukipatikana, au ule wa asili wa mashine, na pamoja nao PNG au JPEG za kuangalia haraka. Usikubali picha moja ya katikati tu ya OCT, omba seti nzima. Kwenye Spectralis seti ya kawaida ya makula inaweza kuwa na mikato 25 au 49. Iwe idadi yoyote, irudiwe hiyo hiyo mwakani. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa, na vidoa vidogo ndivyo vinavyopotea kwanza. Jina la faili lianze na tarehe, kisha mashine, kisha jicho: 2025-03-11_Spectralis_FAF55_OD. Weka nakala mbili, moja iwe nje ya nyumba.

Faili hizo zina kazi nyengine ya karibu zaidi. Skuli na kwenye mitihani, mtoto mwenye uoni hafifu anaweza kuombewa karatasi za maandishi makubwa, lakini ombi linahitaji barua ya dakta na linahitaji kwenda mapema. Barua yenye FAF na OCT nyuma yake haibishaniwi.

Mara ngapi, na nani mwengine

Mara moja kwa mwaka inatosha kwa wengi, na kwa mtoto ambaye uoni unashuka haraka, kila miezi 6. Kwa Best kuna sharti la ziada. Kila wiki, jicho moja moja, mtu atazame karatasi ya miraba ya daftari la hesabu kwa umbali wa sentimita 30. Mistari ikijipinda ghafla au kukitokea doa jipya, asingoje miadi, aende ndani ya siku chache. Huenda mishipa mipya imeota, na hiyo ina tiba ya sindano ndani ya jicho, inayofaa zaidi ikiwahi. Lakini maji yanayoonekana chini ya retina kwenye OCT ya Best si lazima yawe ya mishipa. Mengi ni ya ugonjwa wenyewe na hayataki sindano. Anayetaka kukuchoma kwa OCT moja tu, muombe kwanza athibitishe mishipa ipo.

Vidonge vya vitamini A na mafuta ya ini la samaki viachwe kwa mwenye Stargardt, kwa sababu vinaongeza malighafi ya zile taka. Maembe, mboga na samaki wa kawaida havina shida, na ndugu zake wazima waendelee na matone yao ya vitamini A ya kampeni.

Stargardt unaohusu ABCA4 hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, ambao kwa kawaida wao wenyewe wanaona vizuri, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Panapooana watoto wa ami na watoto wa mama wadogo, jeni hiyo hiyo hupata njia rahisi ya kukutana na mwenziwe. Mgonjwa akimuoa ndugu ambaye ni mbebaji, yaani anayo jeni hiyo bila ya kuugua, nafasi inakuwa moja kati ya mbili. Hayo yasemwe kabla ya posa, bila ya kumlaumu mama mtu. Kwa kaka na dada za mgonjwa, FAF na OCT moja kabla hawajafika darasa la juu inatosha kuanzia.

Best ni njia nyengine: mzazi mmoja tu anatosha kuurithisha, kwa nafasi moja kati ya mbili, na mzazi huyo anaweza kuwa anasoma gazeti bila shida mpaka leo. Kwa hiyo siku mtoto anapopelekwa, baba na mama nao watiwe matone na wakae kwenye kiti kile kile.